Jina Lililoitwa Uwanjani

Siku tuliyomzika baba, huko kwetu Bungoma, wanaume saba walishuka kwenye gari la kukodi wakiwa wamevaa fulana za bluu zilizowabana matumbo. Walikuwa vijana wa timu yake ya kwanza, ile ya sekondari ya Kitengela. Sasa wana vipara na miwani, na mmoja anatembea kwa fimbo. Walipopewa nafasi ya kusema, kila mmoja alisimama akataja jina lake na namba aliyokuwa akivaa mgongoni. Waombolezaji wakawa wanapiga makofi kwa kila jina.

Wa mwisho alisema, "Mimi naitwa Simiyu. Namba tisa." Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawakumjua Simiyu yeyote wa namba tisa. Ndipo mmoja wa wenzake, kutoka nyuma ya hema, akaita jina lingine kwa sauti kubwa, kama walivyokuwa wakiitana uwanjani, na boma zima likalipuka kwa vigelegele. Simiyu alitazama chini. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la kunawia mikono. Nililiweka chini nikaenda nyuma ya jikoni, nikasimama huko hadi waliponitafuta.

Jina lile sitaliandika hapa. Lilikuwa la kijana mwingine, aliyekwisha kufa kabla Simiyu hajafika Kitengela, na watu wake hawataki litajwe. Nimechelewa sana kuwasikiliza, lakini angalau hapa nitawasikiliza.

Baba alihamishiwa Kitengela nikiwa sijaanza shule. Alikuwa mwalimu wa jiografia. Tulipewa nyumba ya mawe ndani ya uwanja wa shule, vyumba viwili na jiko la nje. Kitengela ya wakati ule haikuwa hii ya leo yenye ghorofa. Palikuwa na maduka machache kando ya barabara ya Namanga, buchari, posho mill moja, na baada ya hapo ni nyika tu. Asubuhi nyingine tuliamka tukakuta nyumbu wamesimama karibu na vyoo vya wanafunzi. Upepo ulitoka upande wa Athi River ukiwa na unga wa saruji ndani yake, na ukipita kwenye uwanja wa mpira uliokota vumbi jekundu, hata ukiziba uso kwa mkono bado ulibaki na mchanga katikati ya meno. Shule ilizungushiwa ua wa kayaba wenye miiba mirefu. Ng'ambo ya ua, mwendo wa kuimba nyimbo mbili, kulikuwa na boma la Wamaasai, na humo aliishi mama aliyetuletea maziwa.

Baba alikuta timu ya mpira ambayo haikuwa imewahi kushinda hata mechi moja ya wilaya. Nusu ya vijana walikuwa Wamaasai waliokuwa na pumzi ya kukimbia kutwa nzima lakini hawajali mpira uko wapi. Nusu nyingine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa viwandani na wa watu waliopanga nyumba, wenye ufundi mwingi wa chenga na mapafu ya kuku. Vikundi hivyo viwili havikupeana pasi. Hata kusalimiana walikuwa hawasalimiani.

Dawa ya baba ilikuwa moja, na ndiyo iliyomfanya ajulikane hadi alipostaafu. Alipiga marufuku kutoa pasi bila kutaja jina la unayempa. Si "wee," si "hapa," si filimbi ya mdomo. Jina. Ukipiga bila kutaja, unatoka nje, unakimbia kuzunguka uwanja mara tano.

"Vumbi likipanda hamuonani," aliwaambia. "Mtasikiana."

"Mwalimu, na nikisahau jina lake?" aliuliza kijana mmoja mtundu wa mjini, akimwonyesha beki mrefu wa Kimaasai. "Lina kona nyingi kama barabara ya Magadi."

"Basi kimbia mara tano ukilikariri."

Alikimbia akilikariri, na yule beki alikuwa amekaa chini kwa kicheko, akimsahihisha kila alipopita. Baada ya muhula mmoja wale vijana walijuana. Baada ya miwili, timu ikaanza kushinda. Jioni, kuanzia saa kumi hadi jua likaribie kuzama, kelele za majina zilitoka uwanjani bila kukoma, na upepo ulizibeba ukizipeleka mbali. Mama yangu, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, alisema akishuka tu barabarani anaweza kujua nani ana mpira.

Nililelewa ndani ya kelele hizo. Mimi na mama tulifua jezi Jumapili na kuzianika juu ya kayaba, na miiba ikazitoboa, kwa hivyo timu ya baba ilicheza na jezi zenye matundu madogo madogo kama ungo. Nilijua machungwa yanavyokatwa vipande vinne kwa ajili ya mapumziko. Nilijua harufu ya ile dawa ya kuchua misuli, na harufu ya viatu vilivyoanikwa juani vikiwa na soksi ndani. Nilidhani kila mtoto duniani hulala akisikia baba yake akipanga kokoto kumi na moja mezani na kuzisogeza.

Yule mama wa maziwa alikuja kila asubuhi kabla ya kengele. Alibeba maziwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti, kwa hivyo chai yetu ilikuwa na ladha ya moshi, na hadi leo chai isiyo na moshi naona kama imesahauliwa kitu. Nilikuwa nikimwinamishia kichwa, naye akakigusa kwa kiganja. Ndivyo walivyotufundisha kule: mtoto hamtolei mkubwa mkono, humpa kichwa, na mkubwa hawezi kukipita kichwa kilichoinamishwa mbele yake bila kukigusa. Hata akiwa na haraka. Hata mkiwa mmegombana.

"Entito, baba yako ameamka?" aliniuliza. Entito ni msichana, na yeyo, nilivyomwita mimi, ni mama.

"Ameamka, yeyo. Anapanga kokoto."

"Bado kokoto?" Alicheka. "Sisi tunapanga ng'ombe, yeye anapanga mawe."

Walimu wote walimwita kwa jina la mwanawe mkubwa, Mama Fulani, kama ilivyo kawaida yetu. Huyo mwanawe alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye nafasi kati ya meno ya mbele. Hakucheza mpira. Baba alijaribu kumshawishi kwa sababu ya miguu yake, naye akajibu kwa adabu kwamba haoni sababu ya watu ishirini na wawili kugombania kitu kimoja. Baba alilisimulia jibu hilo nyumbani kwa miezi, akicheka.

Mwaka mmoja wa kiangazi, likizo ya mwisho wa mwaka ilipofika, kijana yule alipelekwa na ng'ombe mbali, upande wa Mashuuru, kutafuta majani. Shule ilipofunguliwa hakurudi. Homa ilimpata huko malishoni, wakamzika huko huko. Baba alituambia tukiwa tunakula. "Yule kijana ametuacha," alisema, akaweka kijiko chini.

Mama yake hakuja na maziwa kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa amenyoa nywele, na nilipomwita kwa lile jina la Mama Fulani, aliniziba mdomo kwa vidole viwili, bila ukali, kama mtu anavyomfuta mtoto uji. "Sasa mimi ni Mama Nashipae," alisema. Nashipae ni binti yake mdogo. Nilikubali. Nilidhani amechoka tu na jina la zamani.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, kwa sababu bila hilo mtu hataelewa nilichofanya. Ndugu yangu mdogo alipozaliwa, alilia siku nne mchana na usiku, akakataa ziwa. Kukhu, mama yake baba, alikuja kutoka Bungoma, akamshika, akaanza kumtajia majina ya wafu wa ukoo, moja moja, taratibu. Alipofika kwenye jina la babu, mtoto akanyamaza akanyonya. Kukhu akalia machozi. "Umerudi," alimwambia yule mtoto mchanga. "Karibu nyumbani, mzee." Na tangu siku hiyo alimtengea kiti, akamwekea nyama ya mzee, na alipomkaripia alimkaripia kama mume. Kwetu mfu huachiwa mlango, na mlango wenyewe ni jina. Akiitwa, anaingia. Asipoitwa, anapotea. Nilijua hivyo kama nilivyojua kwamba moto unachoma.

Muhula uliofuata kifo cha yule kijana, baba alipoteza mshambuliaji wake. Wazazi wake walihamia Rongai wakaondoka naye. Baba akasafiri nyumbani wikendi moja, akarudi na Simiyu. Alikuwa kijana mnene wa mapaja, mwenye aibu, aliyepiga mpira kwa miguu yote miwili kana kwamba ana hasira nao. Lakini alikuwa tayari amemaliza kidato cha nne kule kwetu. Kisheria hakuruhusiwa kucheza mashindano ya shule tena.

Niliyasikia mazungumzo yao mezani, nikiwa chini ya meza hiyo hiyo nikicheza na zile kokoto.

"Kuanzia leo wewe si Simiyu," baba alimwambia, akamtajia jina la yule kijana, lote, pamoja na la ubatizo. "Uko kidato cha tatu. Namba yako ya shule ni hii hapa. Rudia."

Simiyu alirudia.

"Mwenye jina hili yuko wapi, Mwalimu?"

"Alitangulia. Alikuwa kijana mzuri. Kwetu mtu akifa jina lake halitupwi. Wewe unajua hivyo. Unamheshimu."

Nadhani aliamini alichosema. Au aliamini kiasi cha kutosha kumwezesha kukisema. Vijana wa Kimaasai kwenye timu walipoambiwa, walitazamana, na yule beki mrefu alisema kitu kwa Kimaasai. Baba akamwambia aseme kwa Kiswahili asikie kila mtu. Beki akatikisa kichwa. "Hakuna, Mwalimu." Kwa siku kadhaa alikimbia kuzunguka uwanja jioni nzima, kwa sababu alimpa Simiyu pasi bila kutaja jina. Mara tano, mara kumi, mara kumi na tano. Mwishowe akachoka, au akataka kucheza, akalitaja.

Wengine waligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Walimfuata Simiyu kwa nyuma akienda kuchota maji, wakaita ghafla, "Simiyu!" Akigeuka, walimzomea.

"Umekufa, jo! Umegeuka! Kimbia mara tano!"

"Mimi nilikuwa natazama ndege."

"Ndege anaitwa Simiyu?"

Baada ya wiki tatu hakugeuka tena. Waliita, naye akaendelea kutembea na ndoo yake. Mimi nilijaribu pia, sebuleni, kwa sauti ndogo, akiwa amejilaza kwenye kochi alilolalia. Hakusogea. Kisha nikaita lile jina lingine, naye akafungua macho akasema, "Eeh?" Kwangu mimi hapo palikuwa na ushahidi. Kijana wa mama wa maziwa alikuwa amerudi, kama babu alivyorudi, kwa mwili mwingine. Nilishangaa tu kwamba hakuna aliyekwenda kumwambia mama yake.

Kwa hivyo nikamwambia mimi.

Ilikuwa asubuhi, kwenye mlango wa jiko. Alikuwa anamimina maziwa kwenye sufuria. Nilimwinamishia kichwa, akakigusa, nikasema, "Yeyo, kijana wako amerudi." Na nikalitaja jina.

Hakumwaga hata tone. Aliendelea kumimina hadi mwisho, akafunika kibuyu, akachuchumaa mbele yangu macho yetu yakawa sawa.

"Nani anasema amerudi?"

"Yuko kwetu. Anavaa namba tisa. Amefunga magoli manne."

"Mtoto yangu hakuwa anajua mpira," alisema.

"Sasa anajua."

Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ileile ya kuuliza kama baba ameamka. "Mimi nasikia hiyo jina kila jioni. Niko kwa mlango wa boma, upepo inaleta. Wanaita, wanaita. Mara ya kwanza nilisimama nikaitikia." Akashika bega langu. "Sikiza, entito. Ambia baba yako wasiite hiyo. Hiyo kijana ya watu waite kitu ingine. Waite Tisa. Waite hata Mbuzi. Ile yetu wawache ilale. Utaambia yeye?"

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Leo."

Sikumwambia. Nimeandika na kufuta sentensi hii mara nyingi, na kila mara nilitaka kuongeza kitu baada yake. Nilikuwa na sababu. Siku za kwanza sababu ilikuwa Kukhu: niliamini wakiacha kumwita, atapotea tena, na mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Niliona yule mama hajui, kwamba watu wake hawajafundishwa jinsi wafu wanavyorudi, na kwamba akivumilia kidogo atafurahi. Hiyo ndiyo sababu ninayoipenda, kwa sababu ni ya mtoto.

Lakini wiki zilipita, na nikaanza kuelewa. Nilimsikia Simiyu akiongea Kibukusu, lugha ya kwetu, usingizini. Nilimwona akiandika barua kwa mama yake mwenyewe, na kutia sahihi jina lake mwenyewe. Nilijua basi kwamba hakuna aliyerudi. Na bado sikusema, kwa sababu tulikuwa tumeshinda mechi sita mfululizo, na watoto wa darasa langu walinipa nafasi ya mbele kwenye foleni ya uji. Kila asubuhi mama wa maziwa aliniuliza kwa macho tu. Kila asubuhi nilimwinamishia kichwa ili nisiyaone macho hayo, na kila asubuhi alikigusa.

Timu ilichukua ubingwa wa wilaya, kwenye uwanja wa changarawe mjini Kajiado. Simiyu alifunga mawili. Nilikuwa nimebebwa begani na mlinzi wa shule, nami nililiita lile jina kwa nguvu kuliko wote, hadi koo likaniuma. Lazima niliseme na hilo.

Shule tuliyoishinda ilikata rufaa. Walisema namba tisa wetu si mwanafunzi. Wiki iliyofuata wakaja maofisa watatu wa michezo, wanaume wawili na mwanamke, wakiwa na faili. Haikuwa imebaki hata wiki mbili kabla ya fainali za mkoa. Walikagua rejista, na jina lilikuwamo, na namba ilikuwamo. Mkubwa wao, mwanamume mfupi mwenye koti la kijivu, hakuridhika. Alisema anataka kumwona mzazi.

Mwalimu mkuu alimtuma mlinzi ng'ambo ya ua.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa chakula cha mchana. Nilisimama nyuma ya jezi zilizoanikwa na kuchungulia kupitia matundu yake. Jua lilikuwa katikati. Maofisa walikaa kwenye viti chini ya bendera, mwalimu mkuu akiwa kando yao. Baba alisimama peke yake, mikono nyuma, na nikaona vidole vyake vikijikunja na kujikunjua. Simiyu alisimama mbele ya viti akiwa na sare ya shule. Mama wa maziwa alikuja akitembea bila haraka, shuka lake jekundu na la bluu likipeperuka, akasimama hatua mbili kutoka kwa Simiyu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona kwa karibu.

"Mama, shikamoo," alisema mwenye koti. "Tuko na swali moja tu, halafu urudi kwa kazi yako. Huyu kijana ni wako?"

Mama wa maziwa alikuwa akimtazama Simiyu. Niliona akimtazama mdomo, na nikajua anatafuta ile nafasi ya meno.

Simiyu hakustahimili kutazamwa. Miezi yote aliyokaa na wenzake wa Kimaasai ilikuwa imemfundisha adabu yao, na sasa, kwa woga au kwa heshima, alifanya lile alilozoea kufanya mbele ya wazee wa bomani. Aliinamisha kichwa.

Kikabaki pale, kimeinama mbele yake.

Sijui ilichukua muda gani. Upepo ulivuma mara moja na jezi zikanipiga usoni. Zilipotulia, nilimwona ameinua mkono. Ulisimama hewani kidogo. Kisha akauteremsha, akamgusa Simiyu utosini kwa kiganja, akasema neno la salamu kwa lugha yao, naye Simiyu akaitikia kwa lugha hiyo hiyo.

"Haya," alisema mwenye koti, akageukia wenzake. "Si mmeona wenyewe?"

Ofisa mwanamke alikuwa bado anamtazama. "Mama, tunataka utuambie kwa mdomo. Ni yeye?"

"Nimemsalimia," alisema Mama Nashipae.

Mwenye koti alicheka kidogo. "Hawa watu hawana maneno mengi. Andika: mzazi amemtambua mwanawe."

Wakaandika. Kati ya wote waliokuwa pale, baba alijua maana ya mkono ule, kwa sababu mikono kama hiyo ilinigusa mimi mbele yake kila asubuhi. Alingoja faili lifungwe. Mama wa maziwa alipogeuka kwenda zake, alipita karibu naye, na baba alifungua mdomo, lakini mwalimu mkuu alikuwa amemshika mkono akimpongeza.

Kesho yake hapakuwa na maziwa. Kesho kutwa pia. Siku ya nne nilipenya kwenye kayaba, miiba ikinichana, nikaenda bomani. Lango la miiba lilikuwa wazi. Ng'ombe hawakuwapo, mbuzi hawakuwapo. Ndani ya nyumba yake jivu lilikuwa limepoa. Mzee wa boma la jirani alinikuta nimesimama hapo, akaniambia wamehama, wameenda upande wa Mashuuru. "Mama alikataa kukaa hapa," alisema. "Alisema hapa kelele ni mingi."

Tulishinda mkoa. Tulienda fainali za taifa na kurudi na kikombe, na lori lililotubeba lilipiga honi kuanzia daraja la Athi River hadi lango la shule. Picha ya siku hiyo ilitundikwa ofisini, na chini yake majina kumi na moja yamepigwa chapa. Baba alifundisha timu nyingine tatu baada ya hapo, na zote zilishinda, na zote zilicheza kwa kuitana majina. Simiyu aliondoka mwisho wa mwaka ule. Simkumbuki akicheka baada ya siku ya maofisa. Mimi nilikua, niliacha shule mapema, nikaolewa, nikarudi nyumbani. Jioni, upepo ukitoka ule upande, nilikuwa nikifunga madirisha kabla ya wakati. Nikiulizwa, nilisema ni vumbi.

Nilibeba jambo hilo peke yangu miaka yote hiyo. Nilijua lilivyo, uzito wake na umbo lake. Kulikuwa na mama aliyeomba kitu kidogo, na mtoto aliyeahidi, na mwalimu mwema ambaye hakuambiwa. Ningemwambia, angeacha. Nilikuwa na uhakika huo.

Baba alipougua, nilimuuguza kwenye nyumba yake ya Kitengela, ile aliyoijenga alipostaafu. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji. Alikuwa na akili timamu siku hiyo, alikuwa ameuliza hata matokeo ya mpira. Nikaona nisipolisema wakati huo sitalisema kamwe.

"Baba, unamkumbuka mama wa maziwa?"

Aliacha kumeza.

"Alinipa ujumbe nikuletee. Nilikuwa mdogo. Alisema niwaambie msiliite jina la kijana wake. Sikukufikishia. Nisamehe."

Nilimfuta kidevu.

"Alikuja kwangu pia," alisema. "Mara mbili. Uwanjani, mazoezi yakiendelea."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia asubiri fainali iishe. Kwamba ikiisha, nitalitoa."

"Naye?"

"Aliniuliza fainali ni lini." Mkono wake ulisogea juu ya blanketi. "Nikamwambia wiki tano. Akahesabu kwa vidole, akasema sawa. Halafu ndio wale watu wakaja na faili."

Niliweka bakuli chini. Nje, mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira wa karatasi ukutani, na kila ulipogonga nilihesabu bila kutaka. Miaka yote nilikuwa na baba ambaye angeacha kama angeambiwa. Nilikuwa nimemlinda baba huyo kwa kulibeba kosa mimi. Baba huyo alikufa pale, katikati ya uji, na huyu mwingine tukamzika baada ya wiki nne.

"Nekesa," aliniita. Macho yake yalikuwa yamefumba. "Ungeniambia wewe, pengine ningeacha."

Nilitaka sana kumwamini. Nilimvutia blanketi hadi mabegani, nikamwambia alale.